Je, wajua kwa nini mwanamume mwingine hukojoa mara mbili kwa safari moja ya chooni?

Mzee anakojoa, mkojo unakatika, lakini anahisi bado umo. Anashika uvimbe ulio kinenani au kwenye mfuko wa korodani, anauminya kuelekea juu, na mkojo unatoka tena, pengine mwingi kuliko ule wa kwanza. Uvimbe nao unanywea. Wengi wakisikia hivyo watasema ni tezi dume tu. Huenda tezi dume imo, lakini mkojo ule wa pili unatoka kwenye sehemu ya kibofu iliyoshuka na kuingia kwenye ngiri.

Ngiri tumezoea kuihusisha na utumbo, lakini si utumbo tu unaoweza kushuka. Kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, korodani zake hushuka kutoka tumboni kupitia njia nyembamba ya kinenani, na mahali hapo hubaki dhaifu maisha yote. Kibofu kiko jirani, nacho kinaweza kupenya. Inakadiriwa kwamba kibofu humo katika asilimia 1 hadi 4 ya ngiri za kinena, zaidi kwa wanaume waliovuka miaka 50.

Kwa nini umri huo? Tezi dume ikikua hubana njia ya mkojo, na mtu hulazimika kujikamua kila anapokwenda haja ndogo. Miaka ikipita, kibofu hutanuka na kulegea, na misuli ya kinena huchoka. Unene na kikohozi cha muda mrefu huzidisha msukumo. Mwishowe kibofu huwa kama kibuyu chenye kiuno: nusu imebaki nyongani, nusu imening'inia ndani ya ngiri. Ya juu humwaga mkojo wake, ya chini hubaki nao. Ndiyo maana mtu huamka usiku mara kwa mara, na mkojo uliolala huko huleta maambukizi na vijiwe. Ngiri ikiwa kubwa sana, mirija ya kutoka figoni inaweza kuvutwa au kubanwa, figo zikavimba.

Pwani yetu, ambako matende na mabusha vimesumbua watu vizazi na vizazi, uvimbe wa pumbu huitwa busha hata kabla ya kupimwa. Busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani, na halipungui kwa kukojoa. Kumulika kwa tochi hakutoshi kutofautisha busha na ngiri ya kibofu, maana kibofu kilichojaa mkojo nacho kinaweza kupitisha mwanga. Kwa hiyo asikubali mtu yeyote kuchomwa sindano ya "kutoa maji" bila kufanyiwa altrasaundi, ikiwezekana kabla na baada ya kukojoa. CT scan, kipimo cha picha za eksirei kwa kompyuta, huonyesha vizuri zaidi.

Nasisitiza kupima kwa sababu wengi hugundulika wakiwa tayari wamelazwa kwenye meza ya upasuaji. Daktari aliyetarajia utumbo au mafuta anaweza kukichana kibofu bila kujua. Mgonjwa aliyesema mapema, "Dokta, nikishakojoa uvimbe unapungua," humwepusha daktari na kosa hilo.

Tiba kwa kawaida ni upasuaji: kibofu hurudishwa mahali pake, na tundu la ngiri huzibwa, mara nyingi kwa wavu maalumu. Tezi dume nayo lazima ishughulikiwe, kwa dawa au kwa upasuaji, kwa kuwa mgonjwa akiendelea kujikamua, ngiri inaweza kurudi.