Utando wa risasi kwenye rivolva ya .22: tazama ulipo kabla ya kusugua

Rivolva nyingi za .22 huletwa kwangu zikiwa zimeshasuguliwa mpaka zinang'aa. Mwenyewe analalamika kwamba shabaha zimeanza kutawanyika, au kwamba silaha inatema chembe pembeni, na mimi nasikitika kwa sababu kilichong'olewa, yaani utando wa madini ya risasi ulioganda ndani ya silaha, ndicho kilichokuwa na jibu. Mahali utando ulipojikusanya panaeleza sababu yake kuliko kipimo chochote nilicho nacho mezani.

Toa risasi zote, kagua chemba moja moja (matundu ya silinda yanayoshika risasi), kisha mulika mtutu kwa tochi ndogo.

Kichwa cha risasi ya .22 LR (Long Rifle, risasi ya kawaida ya .22) ni madini laini ya risasi, yaliyopakwa nta au kufunikwa kwa shaba nyembamba mno. Kikitoka kwenye chemba kinavuka pengo kati ya silinda na mtutu, la takriban milimita 0.1 hadi 0.2, halafu kinaingia kwenye koo la mtutu, yaani mlango wake wa nyuma. Ukiona madini yamejaa upande mmoja tu wa koo, silinda haikai sawa na mtutu. Kichwa kinagonga ukingo na kuchongwa kabla hakijaingia, na chembe zinazorukia pembeni ndizo hizo. Tia alama kwenye kila chemba, upige kila moja kwenye karatasi yake. Shabaha zikitawanyika kwenye karatasi moja, chunguza chemba hiyo. Zikitawanyika kwenye karatasi zote, huenda ni kizuizi cha silinda (kinachoishika isizunguke wakati wa kupiga) kilicholika au mtutu uliofungwa vibaya, na hapo fundi atapitisha ufito wa kupimia kutoka mdomoni mwa mtutu hadi chemba.

Madini yakilizunguka koo lote, mara nyingi koo lenyewe lina mikwaruzo ya mashine. Fundi hulilainisha, na kazi hiyo si kubwa.

Kuna hali ya tatu ambayo wengi hawaijui: utando unaanzia mbele kidogo ya koo, pale mtutu ulipokazwa ndani ya fremu. Mtutu uliokazwa kupita kiasi hubanwa sehemu hiyo. Kichwa kikishapita hapo kimepungua kipenyo, na gesi inapenya pembeni mwake ikikiyeyusha. Sukuma kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu taratibu kwa ufito. Mkono wako utahisi kinapokwama. Rivolva zenye silinda mbili za kubadilishana, moja ya LR na nyingine ya magnamu (risasi ya .22 yenye nguvu zaidi), zina shida inayofanana, kwa sababu mtutu wake hutengenezwa kwa kichwa cha magnamu, ambacho ni kinene kidogo.

Utando ulio karibu na mdomo ndio rahisi zaidi. Nta imeisha njiani. Badilisha risasi, na mimi huanza na zile za kasi ya kawaida, zinazokwenda takriban mita 330 kwa sekunde kwenye bunduki ndefu. Jaribu aina kadhaa kabla ya kuilaumu silaha.

Chemba zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko zinavyotazamwa. Ukipiga .22 Short kwenye chemba za LR, ganda lile fupi huacha duara la masizi na madini mbele yake. Baadaye LR hazizami vizuri. Na hii ni rimufaya: kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, na pini lazima iubane ukingo huo dhidi ya chuma. Risasi isipokaa mpaka mwisho, pigo la kwanza linaisukuma tu ndani, nayo haiwaki. Watu hubadilisha springi ya nyundo bure, wakati brashi ingetosha.

Sasa sugua. Tia dawa ya kusafishia mtutu, iache ifanye kazi kwanza, kisha tumia brashi ya bronzi. Utando mkaidi hung'oka ukizungushia brashi kuukuu nyuzi za shaba nyekundu halisi. Zipime kwa sumaku kwanza, maana nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, nazo zitaukwaruza mtutu. Fimbo ikiingilia mdomoni mwa mtutu, uvishe mtutu kilinzi cha mdomo, kwani ukingo ule ukilika usahihi unakwenda nao. Vitambaa maalumu vya kuondolea madini vinafaa kwa chuma cha pua. Kwenye chuma kilichotiwa rangi ya bluu vitaivua rangi hiyo.

Nakusihi usichanganye siki na haidrojeni peroksaidi, ingawa mchanganyiko huo huyeyusha utando haraka. Huzalisha chumvi ya risasi inayoyeyuka majini, sumu kali inayoingia mwilini kwa urahisi. Vaa glavu, usisugue pakavu, usile hapo, nawa kwa sabuni na maji baridi.

Mtutu ukiwa safi, piga boksi moja la risasi za aina moja tu, kisha mulika tena kabla hujagusa brashi. Utando ukirudi palepale baada ya kubadilisha risasi, peleka silaha kwa fundi bila kuisafisha.