Bakteria Hupima Mabadiliko ya Chakula, Si Wingi Wake

Katika kazi yangu ya kuchunguza protini za bakteria, swali ambalo wanafunzi huniuliza mara nyingi ni jinsi kiumbe wa seli moja, asiye na jicho wala neva, anavyojua chakula kiko upande gani. Ukweli ni kwamba bakteria haujui upande wenyewe. Anachoweza kutambua ni kama hali aliyo nayo sasa ni bora kuliko ile ya sekunde chache zilizopita, na hilo linamtosha.

Tumtazame Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu, mwenye urefu wa takribani mikrometa 2. Mijeledi yake, yaani nyuzi ndefu anazoogelea nazo, inapozunguka kinyume cha mwendo wa saa hushikamana kuwa fungu moja, naye husonga mbele kwa muda wa kama sekunde moja. Mjeledi mmoja au zaidi ukigeuza mzunguko, fungu hutawanyika, bakteria hujipindua kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hushika mwelekeo mwingine wa kubahatisha. Kwa hiyo uwezo alionao ni kuirefusha safari inayompeleka pazuri na kuikatiza inayompeleka pabaya.

Uamuzi huo huanzia kwenye vipokezi, ambavyo ni protini zilizopenya utando wa ndani wa seli na kujipanga kwa maelfu, hasa kwenye ncha zake. Kipokezi kiitwacho Tar hunasa aspateti, kiitwacho Tsr hunasa serini (zote mbili ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini), na vipo vingine vitatu. Molekuli ya aspateti inapoingia katika kishimo kilicho upande wa nje wa Tar, mojawapo ya nguzo za protini hiyo zinazopita kwenye utando husogea kuelekea ndani, kwa umbali usiozidi upana wa atomi moja au mbili. Kila ninapolieleza jambo hili hustaajabu upya, kwa kuwa msogeo mdogo kiasi hicho unatosha kuizuia CheA, kimeng'enya kilichoshikamana na mwisho wa kipokezi ndani ya seli, isiipatie protini ya CheY fosfeti, ambayo ni kikundi kidogo cha kemikali. CheY yenye fosfeti ndiyo inayokwenda hadi kwenye mota ya mjeledi na kuigeuza. Ikipungua, bakteria huendelea na safari yake bila kujipindua.

Julius Adler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachotambuliwa ni molekuli yenyewe, wala si faida inayotokana nayo. Alichovya kapilari ya kioo, yaani mrija mwembamba sana, yenye sukari katika maji yenye bakteria, kisha akawahesabu walioingia ndani yake. Bakteria ambao jeni zao zilikuwa na hitilafu, wasioweza kuitumia sukari ya galaktosi, waliifuata vilevile.

Hata hivyo, kulinganisha sasa na awali kunahitaji kumbukumbu, na hapa ndipo penye ufundi mkubwa zaidi. Kimeng'enya cha CheR hubandika vikundi vya methili, yaani vibandiko vidogo vya kemikali, kwenye kipokezi, na kila kikundi kinachoongezwa huichochea CheA irudi kazini. CheB hubandua vikundi hivyo, na hufanya hivyo kwa kasi pale CheA inapoipa fosfeti. Chakula hubadilisha kipokezi mara moja, ilhali methili huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kumbukumbu yenyewe. Anayeingia nyumba iliyofukizwa udi huisikia harufu mlangoni, lakini akishakaa kitambo haisikii tena. Ndivyo ilivyo kwa bakteria aliyezungukwa na aspateti isiyoongezeka wala kupungua. Mwaka 1972 Robert Macnab na Daniel Koshland waliwachanganya Salmonella ghafla na serini iliyoenea sawasawa pande zote, na bakteria hao wakaogelea kwa muda bila kujipindua, ingawa hapakuwa na upande uliozidi mwingine. Kilichokuwa kimebadilika ni wakati tu.

E. coli ana vipokezi vya aina 5, huenda kwa sababu mazingira ya utumbo hayatofautiani sana. Pseudomonas aeruginosa, anayeishi udongoni, majini na hata katika vidonda vya wagonjwa, ana zaidi ya 20, na vingi kati ya hivyo bado havijajulikana hunasa molekuli gani. Mimi navichunguza kimoja kimoja: nakitenga kipande cha nje cha protini, nakichanganya na asidi amino na sukari mbalimbali, kisha napima joto linalotolewa au kufyonzwa pale molekuli inaponaswa.