Wamaya hawakutoweka

Kuna hadithi iliyoota mizizi: eti Wamaya, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati, walijenga mahekalu msituni, kisha wakapotea bila kujulikana walikokwenda. Ukweli ni kwamba miji kadhaa ya nyanda za chini, kama Tikal huko Guatemala, ilihamwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Miji ilihamwa, watu walibaki.

Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6, karibu watu 4 katika kila 10. Ni raia, wanapiga kura na kugombea. Mwaka 1995 wakazi wa mji wa Quetzaltenango walimchagua Rigoberto Quemé Chávez, Mmaya wa kabila la K'iche', kuwa meya wao.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na mji mwingine wa Guatemala, Totonicapán. Huko, kando ya meya anayetoka kwenye vyama, kuna uongozi wa jadi uitwao 48 Cantones, yaani vitongoji 48. Viongozi wake huchaguliwa na jumuiya zao, hushika fimbo kama alama ya mamlaka, na hutumikia mwaka mzima bila mshahara (hapo wanasiasa wengi wangetimua mbio). Hulinda msitu na chemchemi za maji, husuluhisha ugomvi. Sheria ya manispaa ya 2002 inawatambua viongozi wa namna hii.

Oktoba 2023, waendesha mashtaka walipoonekana kutaka kuvuruga ushindi wa Bernardo Arévalo katika uchaguzi wa rais, watu wa fimbo ndio walioitisha kufungwa kwa barabara. Nchi ilisimama kwa wiki kadhaa. Januari 2024 Arévalo akaapishwa.