Je, wajua ni watu wangapi walioimba sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa bendi ya Queen?

Watatu. Hakuna kwaya iliyokodiwa. Ni Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Unguja, pamoja na mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor.

Wengi hukataa, maana sikio linasikia umati. Wengine husema ni wanne, na hao angalau wana kisingizio: kwenye video nyuso nne zinatokeza gizani, midomo yote ikicheza. Lakini mpiga besi John Deacon hakuimba studio. Midomo yake pale ni ya kamera tu. Wapo pia wanaoshuku mashine. Wangegeuza jalada la albamu wangekuta bendi imeandika wazi kwamba hakuna sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti. Queen hawakuwa na mzaha na jambo hilo. Hata ile bendi ya jazi inayosikika kwenye Good Company, wimbo mwingine wa albamu hiyo, tarumbeta na klarineti zake zote, ni gitaa la May, ambalo yeye na baba yake walilichonga wenyewe nyumbani.

Albamu hiyo, A Night at the Opera, ilitoka Uingereza Novemba 1975. Wimbo ulianza kurekodiwa studio za Rockfield, Wales, prodyuza akiwa Roy Thomas Baker.

Sasa, watatu wanageukaje umati? Utepe wao ulikuwa na njia 24 tu, kila njia ikibeba rekodi yake, na piano, besi, dramu na gitaa nazo zinadai nafasi. Mtazame msukaji wa mikeka. Hashoni mwaa mmoja mmoja. Husuka miyaa ikawa ukili, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukapanuka. Hapa nako, watatu waliimba mstari, wakaurudia kwenye njia ya pili, kisha ya tatu. Njia hizo zikachanganywa na kurekodiwa kwenye njia moja, na zile za awali zikawa huru kubeba sauti mpya. Ukili mmoja tayari, unaanzwa mwingine. Na ukili ukishasukwa huchomoi mwaa: sauti iliyozidi kidogo, imezidi ndiyo basi.

Gharama yake ilionekana kwenye utepe wenyewe. Kila ukipita kwenye vichwa vya mashine, unga unaoshika sauti hukwanguka kidogo, na wahusika wamesimulia kwamba ulichakaa hadi mwanga ukapenya. Tabaka 180 za sauti hutajwa sana. Tuyachukue kama makadirio. Yote hayo kwa dakika moja hivi ya muziki.

Jukwaani, watatu hawawezi kuwa umati papo kwa papo, na Queen hawakujisumbua kujaribu. Opera ikifika, ilipigwa kanda, bendi nzima ikatoka zake nyuma, kisha ikarudi gitaa zito linapoanza kunguruma.