Utamu wa tonge na funda katika maisha ya kiroho

Wapo waumini wanaokula kwa aibu. Kinywaji kikiwa kitamu huona wameudekeza mwili. Tunda likiwa limeiva vizuri hulimaliza upesi wasije wakaonekana wanalifurahia. Wapo na wengine, tena ndio wengi, wanaoshukuru kabla ya kula kisha nusu saa baadaye hawakumbuki walikula nini, maana macho yalikuwa kwenye simu. Wote wanasali, na wote chakula kimewapita.

Aibu ile haina msingi katika maandiko. Mhubiri 9:7 inamwambia mtu ale chakula chake kwa furaha na anywe divai yake kwa moyo mchangamfu. Kurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 87, inakataza watu kujiharamishia vitu vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu amewahalalishia, na Al-A'raf aya ya 31 inaamuru kula na kunywa, kisha inaweka mpaka: bila israfu, yaani bila kupita kiasi. Mapokeo ya Kibuddha nayo yanaeleza kwamba Siddhartha Gautama, ndiye Buddha mwenyewe, aliacha kujitesa kwa njaa, akapokea wali wa maziwa mikononi mwa mwanamke aitwaye Sujata, na baada ya hapo ndipo alipoketi chini ya mti na kupata nuru.

Ruhusa ipo, basi. Kazi iko kwenye namna na kiasi, na hapo wazee wa maisha ya kiroho hawakusema kwa jumla jumla.

Gregori Mkuu, aliyekuwa papa tangu mwaka 590 hadi 604, alitaja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya kubembelezwa. Wingi wa chakula ni njia moja tu kati ya hizo. Mtu anaweza kula vijiko vitatu na bado akawa mlafi, akiwa amemrudisha mpishi jikoni mara mbili kwa sababu ya chumvi.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki (watawa wa kiume) wa karne ya 6, inaagiza vyakula viwili vilivyopikwa katika mlo, na inatoa sababu: asiyeweza kula kimoja ale kingine. Mkate ni ratili moja kwa siku. Divai ni hemina moja, kipimo kinachokadiriwa kuwa karibu robo lita, na mkuu wa monasteri anaruhusiwa kuongeza kazi ikizidi au joto likiwa kali. Hawa ni watu waliokwisha kuacha mali na ndoa, na bado mezani wamewekewa chaguo. Anayetaka kujinyima zaidi ya wamonaki ajiulize vizuri anamshindania nani.

Kwa maoni yetu, ushauri unaotumika kirahisi zaidi ni wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548. Anasema kiasi cha mlo ujao kiamuliwe baada ya kula, au saa nyingine yoyote ambayo mtu hana hamu ya chakula. Ukimaliza chakula cha jioni, amua hapo hapo: kesho mchana sahani moja, tunda moja, basi. Kesho ukiketi na njaa yako, hakuna tena cha kujadili. Anaongeza kwamba kishawishi cha kula zaidi ya ulichopanga kikija, upunguze kidogo. Kuhusu mkate anasema hauhitaji kujinyima sana. Uangalifu mkubwa uwe kwenye vinywaji, na zaidi kwenye vyakula vya anasa.

Sasa tuje kwenye zoezi la kujifunza kuonja kwa shukrani. Chagua kinywaji kimoja cha moto kwa siku. Kimoja kinatosha, anayeanza na milo yote huchoka na kuacha. Mimina robo tatu ya kikombe, kwa sababu kikijaa hadi ukingoni akili yote inakuwa kwenye kutomwaga. Simu ibaki chumba kingine. Acha kinywaji kipoe dakika chache hadi kikombe kishikike bila kuchoma viganja. Ulimi uliobabuka hauonji, na tena mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani.

Toa shukrani ya sentensi moja kabla ya kunywa. Kisha vuta harufu mara mbili, polepole. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, ndiyo maana mwenye mafua huona kila kitu chapwa. Funda la kwanza liwe dogo na likae kinywani kwa muda wa pumzi moja: utamu, uchungu, ukali, vyote havifiki pamoja. Meza, halafu rudisha kikombe mezani. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kikombe kikibaki mkononi funda la pili huja kabla la kwanza halijaisha ladha. Fanya hivyo kwa mafunda matatu, kimya. Yaliyobaki kunywa kama kawaida na uzungumze na watu.

Mafunda matatu tu, kwa nini? Hamu ya kitu kile kile hupungua kadiri unavyoendelea kukila, hata kabla ya tumbo kujaa. Raha kubwa iko mwanzoni, na anayeitafuta mwishoni mwa bakuli huishia kuongeza bakuli. Dalili za shibe nazo huchukua kama dakika 20 kuonekana vizuri. Mwenye pupa huwa ameshamaliza.

Makosa yanayojirudia ni machache. La kwanza ni kujipima: mtu ananywa huku anajiuliza kama ameguswa rohoni, na swali lenyewe linafukuza ladha. Dawa yake ni kurudisha mawazo kwa Mtoaji na kwa mikono iliyoandaa. La pili ni kulipiza baada ya mfungo. Hadithi ya Anas, sahaba wa Mtume, inaeleza kwamba Mtume Muhammad alifuturu kwa tende mbivu kabla ya kusali. Zisipopatikana, tende kavu. Nazo zikikosekana, mafunda ya maji. Angalia swala ilivyokaa katikati: tumbo limepata kitu kidogo, na mtu anarudi kwenye chakula bila fujo. La tatu ni kufanya utamu kuwa kificho cha huzuni. Utalijua kosa hili hivi: unaufuata utamu bila njaa, peke yako, na ukimaliza unaficha ganda.

Kahawa ina suala lake. Masufi wa Yemen, Waislamu wa njia ya kiroho, waliinywa katika karne ya 15 ili wasisinzie kwenye dhikiri za usiku, kwa hiyo historia yake ya kiroho ni halali kabisa. Ila kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa 5 hivi baada ya kuinywa. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina sauti saa tatu usiku, na sala ya alfajiri ndiyo inayolipa.

Waliowahi kutawaliwa na pombe waiache kabisa; hakuna funda la ibada kwao huko, na chai au maji vinatosha. Mwenye historia ya kujinyima chakula hadi kuugua, au ya kula kupindukia na kutapika, asitumie ushauri wa kupanga kiasi bila msaada wa mtaalamu wa afya; abaki na shukrani peke yake. Mgonjwa wa kisukari afuate mpango wa chakula aliopewa na daktari, na afanye zoezi hili kwa kinywaji kisichotiwa sukari, akikaa zaidi kwenye harufu.