Kiti cha Mbele Si Kiti Bora: Dhana Potofu Kuhusu Matamasha ya Okestra

Tangu tiketi za msimu mpya wa okestra zianze kuuzwa, ombi ni lile lile. Mtu anafika dirishani, hajauliza ni usiku gani wala kitapigwa nini, anasema: "Niwekee safu ya kwanza, katikati kabisa." Msimu uliopita mzee mmoja ninayemheshimu sana alinunua kiti hicho kwa matamasha yote. Usiku wa mwisho alinifuata akaniambia kwa masikitiko, "Mwanangu, okestra yenu nzuri, ila haina filimbi." Filimbi zilikuwa mbili kila usiku. Sauti yake ndiyo haikumfikia pale alipoketi.

Nilipuliza honi, ile ala ya shaba iliyoviringwa, katika okestra kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kazi ya kupanga viti katika ukumbi huu wa ufukweni. Ninajua kazi inayofanyika kule nyuma ya jukwaa, na ninajua ni nani atakayerudi nyumbani bila kuisikia. Kwa hiyo leo niyaseme yote kwa pamoja, nikianza na hili la viti.

"Safu ya mbele ndiyo inayosikika vizuri"

Ninafahamu dhana hii ilikotoka. Tumezoea muziki wa spika, ambapo sauti itakufikia popote ulipo, basi unasogea mbele ili umwone msanii. Okestra ya simfonia haitumii spika. Hakuna kipaza sauti mbele ya fidla wala mbele ya oboe. Unachosikia ni ala zenyewe, mbao za jukwaa, kuta na dari. Ukumbi ni ala ya mwisho ya okestra, na aliyeketi safu ya kwanza yuko nje ya ala hiyo.

Tazama mpangilio wa jukwaa. Mbele wako wapigaji wa nyuzi: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo. Nyuma yao ala za mbao: filimbi, oboe, klarineti na basuni. Nyuma zaidi ala za shaba, yaani honi, tarumbeta na tromboni, pamoja na ngoma za timpani. Ukiketi chini ya ukingo wa jukwaa lililoinuka kiasi cha mita moja, macho yako yanakutana na viatu vya wanamuziki. Sauti ya filimbi ikitaka kukufikia moja kwa moja lazima ipite katikati ya viti, miguu, miili na stendi za noti, na noti zake za juu ndizo zinazozuiwa kwanza. Fidla nazo hurusha sehemu kubwa ya ung'avu wake kwenda juu, kwa sababu uso wenye matundu umeelekea juu, hivyo unapita juu ya kichwa chako. Honi hutazama nyuma kabisa. Mdomo wake mpana unaelekea ukuta ulio mgongoni kwa mpulizaji, huku mkono wake ukiwa ndani. Hakuna anayesikia honi ilivyotoka. Sote tunaisikia ilivyorudi.

Basi mtu wa safu ya kwanza anasikia nini? Anasikia fidla mbili tatu zilizo karibu naye, upinde ukikwaruza, mpigaji akivuta pumzi. Yote hayo ni ya kweli, lakini si sauti aliyoiandikia mtunzi. Fidla kumi na nne zikipiga mstari mmoja huwa laini kwa sababu tofauti ndogo ndogo za wapigaji huchanganyika njiani. Zinahitaji nafasi ya kuchanganyikia.

"Lakini nyuma sitasikia," ndilo jibu ninalopewa kila mara. Utasikia. Katika ukumbi mkubwa wa muziki, ukishafika umbali wa mita 5 au 6 hivi kutoka kwenye ala, sauti iliyorudishwa na kuta na dari inalingana na ile inayokuja moja kwa moja. Kupita hapo, iliyorudi ndiyo nyingi zaidi, na hiyo haipungui haraka kadiri unavyosogea nyuma. Ndiyo maana mtu wa safu ya 15 na mtu wa safu ya 30 hawaachani sana kwa ukubwa wa sauti. Na sikio lina uwezo mmoja mzuri mno: mrejeo unaofika ndani ya milisekunde 50 hivi baada ya sauti ya kwanza haliusikii kama mwangwi, linaujumlisha humo humo. Mirejeo inayotoka kwenye kuta za pembeni ndiyo inayokupa ile hali ya kuzungukwa na muziki. Kumbi mbili zinazosifiwa kuliko karibu zote duniani, Musikverein ya Vienna iliyofunguliwa mwaka 1870 na Concertgebouw ya Amsterdam ya mwaka 1888, zina umbo la sanduku refu lenye dari ya juu, na kuta zao za pembeni hufanya kazi hiyo usiku kucha.

Mtu aliyetufundisha kulipima jambo hili ni Wallace Sabine, mwanafizikia kijana wa chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa atibu chumba cha mihadhara ambamo maneno yalivurugana kwa sababu sauti ilikawia mno hewani. Alikuwa akihamisha matakia ya viti usiku, anapuliza bomba la kinanda cha kanisani, kisha anapima ni sekunde ngapi sauti inachukua kufifia. Kutokana na kazi hiyo alishauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Ukijaa watu, ukumbi huo una mrindimo wa karibu sekunde 1.9, yaani sauti huchukua muda huo kufifia baada ya wapigaji kuacha. Muziki wa simfonia hupenda mrindimo wa sekunde 1.8 hadi 2.2. Tamthilia inataka kama sekunde 1, la sivyo maneno yanapandana.

Hapo ndipo penye shida ya matamasha yanayofanyika kwenye jumba la maigizo kama letu. Juu ya jukwaa kuna mnara mtupu wa kuvutia mapazia na mandhari, na kitambaa chote kile kinakula sauti. Kwa hiyo siku ya okestra tunasimamisha kuta za mbao nyuma na pembeni mwa wanamuziki, na kuwawekea dari ya mbao pia, ili sauti isipotelee mnarani. Wapo wanaodhani ni mapambo. Bila mbao hizo honi yangu ingekuwa inapulizia pazia.

Sasa ushauri wangu, na nitaurudia dirishani hadi nistaafu. Chukua katikati ya ukumbi wa chini, kuanzia theluthi ya kwanza kwenda nyuma, na uishie kabla roshani haijakufunika. Chini kabisa ya roshani yenye kina kirefu ndipo pabaya kuliko safu ya kwanza: dari iko karibu na kichwa na mirejeo ya juu haikufikii. Wasanifu wana kanuni kwamba kina cha sehemu iliyofunikwa kisizidi kimo cha uwazi wake wa mbele, ila kumbi nyingi za zamani haziifuati. Au panda roshani, safu mbili tatu za mbele. Siku ambazo siko kazini mimi huketi hapo. Nyuzi, mbao na shaba zote zinafika zikiwa zimeshikana, na unawaona wapigaji wote, tangu fidla ya kwanza hadi timpani. Ukija na mtoto usimweke mahali pengine. Mtoto anayeona sauti inatoka kwa nani hachoki upesi.

Mbele kuna siku yake. Kwaarteti ya nyuzi (wapigaji wanne), mwimbaji mmoja na kinanda, mpigaji wa gitaa peke yake: hao wasogelee. Na kwenye konseto ya piano (piano moja ikipigwa pamoja na okestra), anayetaka kuona vidole aketi kushoto.

"Unyevu wa bahari unameza sauti"

Ni kinyume chake. Hewa kavu ndiyo inayopunguza noti za juu zaidi, na hewa yenye unyevu huzipitisha vizuri. Unachosumbua unyevu ni ala. Sehemu za fidla hugandishwa kwa gundi ya wanyama inayolegea kwenye joto na unyevu. Imechaguliwa makusudi, ili fundi aweze kuifungua fidla bila kuivunja, lakini pembeni mwa bahari humpa mwenye fidla wasiwasi. Ubao wa sauti wa piano hunywa unyevu, unavimba, nyuzi zinakazika na piano inapanda juu ya sauti yake, kwa hiyo fundi huipatanisha siku ile ile ya tamasha. Oboe na klarineti nyingi huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji wenye mbao nzito kiasi cha kuzama majini. Hata mpingo hupasuka ukipulizwa pumzi ya moto wakati mbao zenyewe ni baridi na kavu.

Joto nalo lina mambo yake. Ukumbi ukipata joto, ala za kupuliza hupanda na nyuzi za chuma hushuka, yaani zinakimbiana. Ndiyo maana oboe hutoa ile noti ya A, ambayo kwa kipimo cha kimataifa ni hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), mwanzoni na tena baada ya mapumziko. Wanaonong'ona kwamba "walipaswa kupatanisha huko huko nyuma" wajue kwamba walishafanya hivyo. Hewa imebadilika. Na milango ya upande wa bahari, jamani, tukishaifunga naomba msiifungue. Kila anayetoka kupunga upepo na kuiacha wazi anaharibu kazi ya jioni nzima.

"Kondakta anapunga mikono tu, wangeweza kupiga bila yeye"

Kondakta ni yule anayesimama mbele akiiongoza okestra kwa fimbo. Na wapo wanaoweza kupiga bila yeye. Okestra ya Persimfans ilianza Moscow mwaka 1922 bila kondakta, na Orpheus Chamber Orchestra ya New York imefanya hivyo tangu mwaka 1972. Makubaliano yote yanahamia kwenye mazoezi, na mazoezi yanakuwa mengi. Ila fikiria jambo moja. Kutoka timpani hadi fidla za mbele kuna kama mita 15, na sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Hapo kuna zaidi ya sehemu 4 za mia za sekunde. Mpiga timpani akifuata anachosikia kutoka mbele, tayari amechelewa, na sauti yake itachelewa tena kurudi. Lazima afuate anachokiona. Nilipokuwa napuliza honi nilijifunza kuanza kabla masikio yangu hayajakubali, kwa sababu tu fimbo ilikuwa imeshuka. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi ya kondakta imekwisha kabla hujakata tiketi: nani apunguze, wapi pumzi ivutwe, upinde uende upande gani.

"Ukipiga makofi katikati ya simfonia umejiaibisha"

Hujajiaibisha. Simfonia ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, na kati ya sehemu wapigaji hutua kidogo. Mtunzi Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba wasikilizaji walishangilia katikati ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake. Simfonia ya saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1813, watu walidai sehemu ya pili irudiwe, ikarudiwa. Desturi ya kunyamaza kati ya sehemu imekuja baadaye. Siku hizi wengi hunyamaza, na mimi pia hunyamaza, ila anayemgeukia jirani na kumkazia macho kwa sababu ya makofi ananiudhi kuliko aliyepiga makofi.

"Mimi sijasomea muziki, sitaelewa"

Hakuna mtihani mlangoni, wala sare. Ukitaka maandalizi, sikiliza kazi kubwa ya jioni ile mara moja nyumbani wiki moja kabla, ukiwa umetulia, simu mbali. Mara moja inatosha. Masikio hufurahia kukutana na kitu yanachokifahamu kidogo.

"Muziki wa bahari umeandikwa ufukweni"

Programu za kumbi za pwani hupenda kumweka Debussy, mtunzi Mfaransa, na kazi yake ya okestra La mer ("Bahari"), iliyopigwa kwanza Paris mwaka 1905, na kila mwaka nasikia kwamba aliiandika akitazama mawimbi. Aliianza mwaka 1903 huko Burgundy, Ufaransa, mbali na pwani, akitegemea kumbukumbu. Mwishoni tu, mwaka 1905, ndipo alipoishughulikia akiwa Eastbourne, kando ya bahari nchini Uingereza. Kazi hii inataka okestra kubwa, vinubi viwili, na shaba zinazofika mbali. Ukiisikiliza safu ya kwanza utapata chelo na upepo wa kurasa za noti.

Kwa hiyo kama umeshalipia safu ya kwanza kwa msimu mzima, njoo dirishani kabla ya tamasha la kwanza. Viti vya roshani, safu ya pili na ya tatu, bado vipo. Mzee wangu wa filimbi ameshachukua chake.