Pombe ya magendo nayo hutozwa kodi

Kila Juni, siku za kufaili ritani zikikaribia ukingoni, tunaulizwa: biashara iliyopigwa marufuku italipaje kodi? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari, kwamba serikali haiwezi kukataza kitu kisha ikadai fungu lake. Hoja hiyo ilishafika Mahakama ya Juu ya Marekani ikaanguka, na mwanamke aliyesimamia upande wa serikali anastahili kujulikana.

Mabel Walker Willebrandt aliteuliwa Mwanasheria Mkuu Msaidizi mwaka 1921, akiwa na miaka 32. Alikabidhiwa kesi za pombe, kodi na magereza. Binafsi hakuwa mpiga debe wa marufuku ya pombe iliyokuwepo Marekani wakati huo, lakini alikula kiapo, na sheria aliisimamia kwa dhati. Maafisa wa kukamata walikuwa chini ya Hazina. Kwake yalifika majalada, mengi ya wachuuzi wadogo.

Tuelewane hapa, maana upotoshaji ni mwingi: Sheria ya Volstead ya 1919, iliyotekeleza marufuku hiyo, haikumwadhibu mtu kwa kunywa. Iliadhibu kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Kosa la kwanza la kutengeneza au kuuza lilikuwa na faini isiyozidi dola 1,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la pili, faini ya dola 200 hadi 2,000 pamoja na kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 5. Kwa tajiri wa magendo, faini ya kwanza ilikuwa gharama ya kawaida ya biashara.

Willebrandt akageukia kodi. Sheria ya kodi ya 1921 ilitoza faida ya biashara bila kutaja kwamba iwe halali. Manley Sullivan, muuza pombe wa South Carolina, alidai kwamba kujaza ritani kungekuwa kujishtaki mwenyewe. Mwaka 1927 Mahakama ikaamua: kama swali fulani kwenye fomu linakutia hatiani, pinga swali hilo ndani ya fomu, huna ruhusa ya kukaa bila kuwasilisha fomu yoyote. Utaratibu huo si mgumu, na bado watu hujifanya haupo.

Willebrandt aliondoka ofisini 1929. Miaka miwili baadaye Al Capone, kinara wa genge la magendo ya pombe la Chicago, alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa makosa ya kodi ya mapato.